Uhalisia Uliokuwa Mchungu Mno

Tarehe 10 Novemba 1898, mjini Wilmington, North Carolina, Wazungu wenye silaha walichoma ofisi ya gazeti la Waamerika Weusi, wakaua watu mitaani na kuuondoa kwa nguvu uongozi wa mji uliochaguliwa kwa kura. Mwaka 1901 Charles Chesnutt, mwandishi Mwamerika Mweusi, aliyageuza mauaji hayo kuwa riwaya, The Marrow of Tradition. Alikuwa na jamaa Wilmington, na alikwenda mwenyewe kuwasikiliza watu wa huko kabla ya kuandika.

Wakati huo uhalisia wa Marekani ulikuwa na mlezi wake, William Dean Howells, mhariri wa Atlantic Monthly kuanzia 1871 hadi 1881. Alifundisha kwamba riwaya iachane na mashujaa wasiowahi kuishi, ionyeshe maisha ya kawaida kama yalivyo. Waandishi aliowaunga mkono hawakufanana. Henry James alichungulia nafsi za watu wenye nafasi. Mark Twain alimwachia mtoto wa mlevi, Huckleberry Finn, asimulie kwa lafudhi yake. Sarah Orne Jewett alibaki na vijiji vya pwani ya Maine. Stephen Crane aliingia katika vitongoji vya makabwela wa New York, na mwaka 1893 akagharimia mwenyewe uchapishaji wa Maggie. Kisha Frank Norris na Theodore Dreiser wakaufikisha uhalisia kwenye uasilia, ambako binadamu husukumwa na njaa, tamaa na jiji asiloweza kulishinda.

Chesnutt naye alisifiwa na Howells, mwaka 1900, kwa hadithi zake fupi. Lakini riwaya ya Wilmington ilipotoka, Howells aliiona chungu mno. Alikiri kwamba historia ilimpa mwandishi kila sababu ya uchungu huo, ila alitamani upungue.

Howells hakuwa mwoga. Mwaka 1887 aliwatetea hadharani wanaharakati wa Chicago waliohukumiwa kunyongwa, na mwaka 1909 alitia saini wito uliozaa NAACP. Ndiyo maana kusita kwake kunanisumbua. Kama huyu alishindwa, nani angeweza?

Kitabu hakikuuzika. Chesnutt, aliyekuwa ameacha kazi ya hatimkato ili aishi kwa kalamu, aliirudia kazi hiyo. Alichapisha riwaya moja tu zaidi, mwaka 1905, ingawa aliishi hadi 1932.

Darasani tumezoea kuzipanga aina za uhalisia kama vitabu kwenye rafu: wa kinafsia, wa kimaeneo, uasilia. Tangu nimsome Chesnutt, mpangilio huo haunitoshi. Sisi husema ukweli ni mchungu, kisha tukakipima kitabu kwa utamu wake. Howells alitaka maisha yaandikwe kama yalivyo. Wilmington, ndivyo yalivyokuwa.