Nahodha Bucher wa Pueblo: heshima iliyokawia

Kila ifikapo Januari humkumbuka nahodha mmoja ambaye si wa kwetu. Ni Lloyd Bucher, Kamanda wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, aliyefariki tarehe 28 Januari 2004 huko California akiwa na umri wa miaka 76. Alizaliwa Idaho, na sehemu ya utoto wake alilelewa katika makao ya watoto ya Boys Town, Nebraska.

Meli yake, USS Pueblo, ilikuwa meli ndogo ya mizigo iliyogeuzwa kuwa ya kijasusi. Tarehe 23 Januari 1968 ilikuwa nje ya bandari ya Wonsan ilipozingirwa na boti za kivita za Korea Kaskazini, huku ndege zikipita juu. Marekani imeshikilia siku zote kwamba meli ilikuwa bahari kuu. Korea Kaskazini yasema iliingia maji yake. Silaha za Pueblo za kujikinga zilikuwa bunduki mbili kubwa za rashasha, nazo zimefunikwa maturubai yaliyoganda kwa barafu. Msaada haukufika. Baharia mmoja, Duane Hodges, aliuawa, Bucher mwenyewe akajeruhiwa, na waliobaki 82 wakatiwa mbaroni. Baadhi ya nyaraka za siri hazikuwahi kuharibiwa, na hilo ndilo kosa lililomwandama maisha yake yote. Sisemi halikuwa kosa. Lakini nauliza, nahodha amepewa dhamana ya karatasi au ya watu?

Huko kizuizini walipigwa na kulazwa na njaa. Bucher alitakiwa atie sahihi kwamba ni jasusi. Akakataa. Akawekewa bastola kichwani kama anayeuawa, bado akakataa. Ndipo alipoambiwa kwamba vijana wake watapigwa risasi mmoja mmoja mbele ya macho yake, kuanzia mdogo kabisa. Hapo akatia sahihi.

Hata hivyo hawakuvunjika. Walipopigwa picha za propaganda walinyoosha kidole cha kati, wakawaambia walinzi kuwa hiyo ni ishara ya bahati njema ya Hawaii. Bucher naye, katika kusoma ungamo lake, alitumia neno la Kiingereza la zamani lenye maana ya kusifu, ambalo likitamkwa husikika kama kukojolea. Ujanja huo ungemchekesha baharia yeyote wa bandari yoyote. Maana ya kidole ilipogunduliwa, walilipa kwa kipigo kikali mno mwezi wa Desemba.

Waliachiliwa tarehe 23 Desemba 1968, baada ya miezi 11. Jenerali wa Marekani alitia sahihi waraka wa kuomba radhi, akiwa ametangaza kwanza kwamba yaliyomo si kweli. Yaani serikali nayo ilitia sahihi uongo ili kuwaokoa wale wale mabaharia! Lakini Januari iliyofuata Bucher aliwekwa mbele ya baraza la uchunguzi la wanamaji, nalo likapendekeza ashtakiwe katika mahakama ya kijeshi. Waziri wa Wanamaji, John Chafee, alikataa, akisema wameteseka vya kutosha.

Bucher alistaafu mwaka 1973, akaishi kwa kuchora picha. Nishani ya wafungwa wa vita ilipoanzishwa, mabaharia wa Pueblo walinyimwa kwa hoja kwamba walizuiliwa tu, hawakutekwa vitani. Ilibidi Bunge la Marekani libadili sheria, na mwaka 1990 wakavishwa. Miaka zaidi ya 20! Mabaharia wake ndio waliomtetea muda wote huo, na wapo waliosafiri kwenda kumzika San Diego.

Pueblo yenyewe ingali Pyongyang, imefungwa mtoni, watu hupelekwa kuitazama. Katika orodha ya wanamaji wa Marekani bado yahesabiwa kuwa meli iliyo kazini.