Mathare United

Mathare United ni klabu ya kandanda ya Nairobi, Kenya, iliyozaliwa mwaka 1994 ndani ya Mathare Youth Sports Association (MYSA), chama cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro.

Mizizi hiyo ndiyo inayoipa klabu sura yake. Katika ligi za MYSA, timu ya vijana hujipatia pointi uwanjani na pia mitaani, kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya maji machafu. Mchezaji aliyekulia humo aliishika sepetu mapema kama alivyoujua mpira, na kwa haki kabisa Mathare hulionea fahari jambo hilo.

Mwaka 1998, ikiwa bado inacheza chini ya ligi kuu, klabu ilitwaa kombe la taifa, wakati huo likiitwa Moi Golden Cup. Timu ya daraja la chini kubeba kombe hilo mbele ya vigogo ilikuwa habari kubwa nchini. Ililitwaa tena mwaka 2000. Dennis Oliech, mshambuliaji aliyekuja kung'ara Ufaransa, alipitia hapa.

Kilele kilifika mwaka 2008: ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, uliopatikana kwa vijana ambao wengi wao walitoka mitaa ya mabanda.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Fedha zilipungua, wachezaji wakaondoka, na mwaka 2023 klabu ikashuka daraja. Msimu mmoja tu katika National Super League, ligi ya daraja la pili, ulitosha. Mwaka 2024 ikapanda tena.