Manowari, Tishari na Meli ya Kuteremshia Majeshi

Baadhi ya wafasiri huita kila chombo cha kijeshi cha baharini manowari. Historia yatuonya. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000. Manowari Fox ilisindikiza. Askari walichukuliwa na meli za kawaida, kisha wakateremshwa kwa matishari yaliyokokotwa hadi Ras Kasone. Wakati huo Wajerumani walisafirisha vikosi kwa reli kutoka Moshi, chini ya Kilimanjaro, wakashinda tarehe 4. Meli zilizoundwa mahsusi kwa kazi hiyo, zenye mlango wa mbele unaofunguka ufukweni, zilienea katika Vita Kuu ya Pili. Basi twapendekeza jina lifuate kazi: manowari hupigana, tishari hupakua, na hii iitwe meli ya kuteremshia majeshi.