Mtumwa na Mtume: Habari za Kumcha Mungu Katika Unguja ya Kale

Mtoto mmoja wa darasa letu aliulizwa maana ya kumcha Mungu, akajibu, "Ni kukesha na Mungu hata kuche." Wenziwe walicheka. Sisi hatukucheka sana, maana kosa lake latokana na lugha yenyewe. Kitenzi kucha, maana yake kuogopa kwa heshima, karibu kimekufa katika mazungumzo. Kimesalia katika maneno machache kama mcha Mungu, uchaji na kicho, na kucha kwa alfajiri kumekishinda. Hata hivyo kimejificha katika mithali isemayo, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi huyo hamwogopi mwanawe kama mtu aogopavyo simba. Amchelea kwa sababu ampenda.

Basi, ziko hofu mbili, na kuzitenga si jambo la darasani tu. Palikuwa na watu ambao kwao neno hili lilikuwa zito kuliko lilivyo kwetu, nao ni Wakristo wa kwanza wa Unguja.

Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ndiye John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879. Baada yao wakaja wengine wengi, wakawekwa Kiungani na Mbweni. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka uo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Husimuliwa ya kuwa altare yasimama ulipokuwapo mti wa kuchapia watumwa. Askofu Steere, aliyelijenga, alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare hiyo.

Tufikiri kidogo habari za mtu aliyeingia katika nyumba hiyo, naye mgongoni ana kovu. Aambiwa apige magoti. Aambiwa atii. Amekwisha kupiga magoti maisha yake yote! Zamani zile mtumwa alimwamkia bwana wake kwa kusema nashika moo, yaani nashika miguu yako, ndiyo shikamoo tuliyo nayo leo. Mtumwa hakuvaa viatu mbele ya waungwana, wala kofia, kwa hiyo aliyepata uhuru alipenda kwanza kujifunika kichwa. Naye akifika mlangoni pa kanisa huambiwa aivue kofia yake mpya, kwa agizo la Paulo kwa Wakorintho. Hatudhani ya kuwa wamisionari wote waliona ugumu wa jambo hilo.

Lakini mambo hayakuishia katika kofia. Steere alipofasiri Injili ya Mathayo, iliyopigwa chapa mwaka 1869, na wafasiri wenziwe walipoendelea hata Biblia nzima ikapatikana mwaka 1891, walikuta katika Kiyunani neno ambalo mitume walijiita kwalo. Maana yake si mfanyakazi, wala si kijana wa nyumbani: ni mtumwa. Nao wakaandika mtumwa. Na tukumbuke mwaka: utumwa katika Unguja haukuondolewa kwa sheria mpaka 1897. Waliosikia Paulo akijiita mtumwa wa Kristo walikuwa na ndugu zao wakichuma karafuu mashambani kwa amri ya mabwana.

Je, neno hilo liliwaumiza? Twaamini liliwaumiza baadhi yao. Ila lugha ya pwani ilikuwa na dawa yake tayari. Kwanza, mtumwa na mtume ni ndugu, wote wawili wazaliwa na kutuma. Yule aliyetumwa shambani kwa fimbo na yule aliyetumwa kwa mataifa na habari njema watofautiana kwa aliyewatuma. Pili, muungwana wa pwani aitwaye Abdallah haoni haya kwa jina lake, ingawa maana yake ni mtumwa wa Mungu. Ibada nayo yatoka katika asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Mtu akiwa mtumwa wa Mungu, hakuna mwingine awezaye kumdai. Na wazee walikwisha kusema, Heshima si utumwa.

Utii pia una njia mbili. Kutii ni neno la Kiarabu, lakini mama akimlalamikia mwanawe hasemi hatii; husema hasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtumwa wa sokoni alitii bila kusikilizwa wala kuelezwa neno. Yeye asikiaye hutii kwa kuwa ameyatia maneno moyoni. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa ukasisi mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile, naye alikuwa amekwisha kwenda kufanya kazi Chitangali kati ya watu wa kabila lake. Safari hiyo ya kutoka pwani kwenda bara ilikuwa kinyume cha ile waliyopitishwa watumwa, naye aliifuata kwa kutumwa.

Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ililishika neno mtumwa mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, yasema mtumishi. Hatuwalaumu wafasiri, kwa maana neno la kwanza ni chungu, na watoto wetu hawajui tena soko lilikuwaje. Lakini mtumishi hupewa mshahara, na akichoka aweza kuaga akatafuta kazi pengine. Wazee wa Mbweni hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza tofauti hiyo.