Mabalozi wa Nduli na Uganda Iliyokaa Msasani

Mwishoni mwa Februari 1971, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Addis Ababa, zilifika jumbe mbili na zote zikadai kiti cha Uganda. Mmoja ulitumwa na Idi Amin, aliyeipindua serikali Januari 25. Mwingine ulikuwa wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, na ambaye sasa alikuwa mgeni wa Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam. Mabishano yakawa makali hadi kikao kikaahirishwa. Haukupita muda mrefu, serikali nyingi za Afrika zikamtambua Amin, na mabalozi wake wakaendelea na kazi.

Obote aliishi Msasani kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Chuo Kikuu cha Mlimani, ambacho nacho kilikuwa Wilaya ya Kinondoni enzi hizo, kikapokea wahadhiri wa Kiganda kama Dani Nabudere na Yash Tandon. Yoweri Museveni, aliyekuwa amesoma hapohapo hadi 1970, alirudi Tanzania kuunda kundi lake la kumpinga Amin, Fronasa. Ng'ambo ya pili ya jiji, Kurasini katika Temeke, Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na shule yao, Taasisi ya Msumbiji. Wakazi walishazoea kuishi na wapigania uhuru wenye ofisi lakini wasio na dola.

Ila Frelimo walikuwa na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika nyuma yao, na makao yake yalikuwa hapahapa Dar. Waganda hawakuwa na kamati. Aliyewatesa hakuwa Mreno wala Kaburu. Alikuwa Mwafrika mwenye kiti mezani, na kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ilimlinda. Hapo ndipo mabalozi wake walipopata nguvu, maana kazi yao ilikuwa kukikalia kiti hicho.

Mtu anaweza kudhani kuwa balozi aliye Paris au Moscow yuko salama. Chini ya Amin haikuwa hivyo. Ndugu na jamaa walibaki Uganda, na wito wa kurudi nyumbani ungeweza kufika siku yoyote. Michael Ondoga alikuwa balozi Moscow. Mwaka 1973 aliitwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Februari 1974 akafukuzwa kazi, na mwezi uliofuata, baada ya kutekwa jijini Kampala, mwili wake ukakutwa katika Mto Nile. Kupandishwa cheo ndiko kulikomsogeza karibu na waliomuua.

Aliyerithi nafasi yake ni Elizabeth Bagaaya, binti wa mfalme wa Toro na mwanasheria aliyesoma Uingereza, ambaye tangu 1971 alikuwa balozi wa kuzunguka duniani kuisemea serikali ya Kampala. Novemba mwaka huohuo wa 1974 akafukuzwa kwa tuhuma chafu iliyotangazwa hadharani. Siirudii hapa, kwa sababu ilitungwa ili kumvunjia heshima kama mwanamke. Mwaka 1975 akatorokea Kenya.

Wanume Kibedi ndiye ninayemfikiria zaidi. Alikuwa shemeji wa Amin na waziri wake wa kwanza wa Mambo ya Nje. Mwaka 1973 aliamua kubaki ughaibuni, na mwaka uliofuata akaandika barua ya wazi akimbebesha Amin damu ya watu waliopotea. Miaka miwili aliyomtumikia haifutiki, kwani mauaji yalikwisha kuanza. Hata hivyo, barua yake ilikuwa na uzito ambao maneno ya mkimbizi wa Dar hayakuweza kuwa nao, kwa kuwa aliyeandika alikuwa ametoka jikoni.

Wengine walinyamaza na kuendelea. Oktoba 1, 1975 Amin alipohutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, hotuba yake kwa Kiingereza ilisomwa na balozi wake, Khalid Younis Kinene, pamoja na wito wa kuiangamiza Israeli. Amin alisimama pale akiwa pia mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, baada ya mkutano wa Kampala ambao Tanzania, Zambia na Botswana ziliususia.

Tanzania nayo ilifika mahali pagumu. Julai 1976 makomando wa Israeli walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwaokoa mateka wa ndege iliyotekwa, na suala likaenda Baraza la Usalama. Sisi tulikuwa wajumbe, na balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim. Serikali iliyokuwa ikimhifadhi Obote Msasani iliungana na Libya na Benin kuandaa azimio la kuilaani Israeli kwa kuivunjia Uganda mamlaka yake. Azimio hilo halikupigiwa kura. Naelewa kwa nini tulilitetea: mipaka ikiwa haina maana, nchi ndogo hazina kinga. Lakini kwa Mganda wa pale Mlimani, kuisikia Tanzania ikisimama upande mmoja na Kinene hakukuwa jambo jepesi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Novemba 2 Mwalimu akatangaza kuwa tutampiga nduli, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Gharama tuliilipa wote. Waliokuwa watu wazima Kinondoni na Temeke wanazikumbuka foleni za sukari na sabuni, na unga wa njano uliofuata.

Julai 1979, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika jijini Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania kwa kuingilia nchi jirani. Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, ndiye aliyesimama kututetea. Kanuni yenyewe ya kutoingilia mambo ya ndani ilibaki kwa miaka mingine 21. Sheria ya kuunda Umoja wa Afrika, inayoruhusu kuingilia kati pale penye mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu, ilipitishwa Lomé mwaka 2000, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakati huo alikuwa Salim Ahmed Salim.