Nani Anashika Ufunguo? Historia Fupi ya Kicheza Video cha Mtandaoni

Kila baada ya wiki chache kompyuta na simu zetu hutuletea taarifa fupi: toleo jipya la programu limetoka, nalo lina vipengele vipya. Tunabonyeza kitufe cha kukubali, tunasubiri dakika mbili, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Kwa programu za kuchezea video mtandaoni, vipengele hivyo huelezwa kwa maneno mepesi: picha safi zaidi, manukuu, kasi ya kucheza inayoweza kubadilishwa, matumizi madogo ya data. Orodha hiyo husomeka kama orodha ya zawadi.

Kwa jicho la historia, orodha hiyo inafanana zaidi na mikataba ya amani. Karibu kila mstari wake una mgogoro uliotangulia, na katika kila mgogoro walikuwapo walioketi mezani na walioletewa matokeo tu. Hoja yangu katika makala haya ni moja: historia ya kicheza video ni historia ya nani mwenye mamlaka ya kubadili masharti ya kutazama, na taasisi za umma ambazo hazikujiuliza swali hilo mapema zimelipa gharama yake baadaye.

Tuanze mwanzo. Katika miaka ya awali ya mtandao, kivinjari kilijua kuonyesha maandishi na picha zilizotulia. Aliyetaka kusikiliza sauti au kutazama video alilazimika kusakinisha programu ya pembeni. RealAudio ilitoka mwaka 1995, RealVideo ikafuata mwaka 1997. Apple walikuwa na QuickTime, Microsoft walikuwa na Windows Media Player. Kila programu ilikuja na muundo wake wa mafaili, na faili la mmoja mara nyingi halikufunguka kwa mwingine. Mtazamaji alijaza kompyuta yake programu tatu au nne kwa kazi ileile moja.

Ushindani huo ulifika mbele ya dola. Tarehe 24 Machi 2004 Tume ya Ulaya iliamua kwamba Microsoft ilikuwa imetumia vibaya nguvu yake sokoni, pamoja na mambo mengine kwa kuifunga Windows Media Player ndani ya mfumo wa Windows. Kampuni ilitozwa faini ya euro milioni 497 na kuamriwa kuuza pia toleo la Windows lisilo na programu hiyo. Mwanafunzi wa siasa asiupuuze uamuzi huu. Serikali za nchi nyingi zilikiri kupitia Tume hiyo kwamba kitufe cha kucheza video ni suala la sera ya umma.

Wakati wakubwa hao wakipambana, mshindi alipitia mlango wa nyuma. Mwaka 1996 kampuni ndogo iliyoitwa FutureWave ilitoa programu ya kuchora vikaragosi vinavyotembea. Macromedia waliinunua kampuni hiyo, na programu ikapewa jina la Flash. Mwaka 2002, katika toleo la sita la Flash Player, kiliongezwa kipengele kipya kilichoonekana cha kawaida: uwezo wa kucheza video. Kwa kuwa kompyuta nyingi duniani zilikwishakuwa na Flash kwa ajili ya michezo na matangazo, video ilipata mlango ulio wazi karibu kila mahali. YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, ilipita katika mlango huo. Video yake ya kwanza iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005, na mwaka uliofuata Google waliinunua kampuni hiyo kwa dola za Marekani bilioni 1.65. Macromedia nayo ilikuwa imenunuliwa na Adobe mwaka 2005. Hivyo basi, ndani ya miaka michache, sehemu kubwa ya video za mtandaoni ilipita mikononi mwa programu moja ya kampuni moja.

Upinzani ulianza kwa pendekezo la kiufundi. Mwaka 2007 kampuni ya Opera ilipendekeza kwamba lugha ya HTML iwe na alama maalumu ya video, ili kivinjari chenyewe kicheze video kama kinavyoonyesha picha, bila programu jalizi. Mwaka huohuo Apple walitoa iPhone isiyokuwa na Flash. Aprili 2010 Steve Jobs alichapisha barua ya wazi akieleza sababu: Flash ilikuwa mali ya kampuni moja, ilikuwa na udhaifu wa kiusalama, ilimaliza betri, na haikubuniwa kwa skrini za kugusa. Hoja zake nyingi zilikuwa za kweli. Ni kweli pia kwamba mtoa hoja alikuwa mmiliki wa duka la programu ambalo hakuna aliyeweza kuingia bila idhini yake. Novemba 2011 Adobe walitangaza kusitisha uendelezaji wa Flash kwa vivinjari vya simu. Januari 2015 YouTube ikaifanya HTML5 kuwa njia yake ya kawaida ya kucheza video.

Hata hivyo, kuondoa programu jalizi hakukumaliza ugomvi. Kulibaki swali gumu zaidi: video yenyewe ibanwe kwa njia gani? Faili la video ghafi ni kubwa mno, hivyo hubanwa kwa kanuni za hesabu ziitwazo kodeki. Kodeki iliyotawala, H.264, ilikuwa na hataza nyingi zilizomilikiwa na makampuni mengi, Apple na Microsoft wakiwamo, na matumizi yake yalidai mrabaha. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walisema kwamba mtandao wa watu wote haustahili kutozwa ushuru wa namna hiyo. Toleo la Firefox la mwaka 2009 lilikuja na kodeki huria ya Theora, wakati Apple walishikilia H.264. Mwaka huohuo mhariri wa rasimu ya HTML5, Ian Hickson, alieleza kwamba hakuna kodeki iliyokubaliwa na watengenezaji wote, na kwa hiyo kiwango hakitataja yoyote.

Kilichofuata ni mvutano wa kawaida wa kidiplomasia. Mwaka 2010 Google waliinunua kampuni ya On2, kisha wakaitoa kodeki yake ya VP8 bila malipo. Miezi michache baadaye wasimamizi wa hataza za H.264 walitangaza kwamba video zinazotazamwa bure mtandaoni hazitatozwa mrabaha. Mwaka 2012 Mozilla walilegeza msimamo na kukubali kutumia H.264 iliyokwishawekwa ndani ya mifumo endeshi, na mwaka 2013 Cisco wakajitolea kulipia mrabaha ili programu yao ya H.264 itumiwe na wengine. Mwaka 2015 makampuni kadhaa makubwa yaliunda muungano wa kutengeneza kodeki isiyo na mrabaha, na AV1 ikatolewa mwaka 2018. Katika orodha ya vipengele vipya, miaka tisa ya mabishano hayo husomeka kwa maneno mawili au matatu: tumeongeza kodeki mpya.

Kipengele kingine kilichozua mgogoro ni kufuli. Makampuni ya filamu yalitaka video zao zisinakiliwe, na yalitaka kufuli hilo liwekwe ndani ya viwango vya mtandao. Shirika la viwango, W3C, liligawanyika. Wakosoaji waliomba angalau kinga ya kisheria kwa watafiti wa usalama na kwa wanaotengeneza nyenzo za watu wenye ulemavu, ili wasishtakiwe kwa kulichunguza kufuli hilo. Kinga hiyo haikupatikana. Septemba 2017 kiwango kilipitishwa kwa asilimia 58.4 ya kura, na shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF likajiuzulu uanachama wa W3C. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu: ni mara ngapi chombo cha viwango vya kiufundi hupiga kura inayogawanya wajumbe wake namna hiyo? Hutokea pale kiwango kinapokuwa sheria kwa jina lingine.

Kuna upande wa historia hii unaotia moyo, nao ni wa manukuu. Leo manukuu huhesabiwa miongoni mwa huduma za kawaida za kicheza video. Kwa viziwi wa Marekani yalikuwa madai. Mwaka 2009 YouTube ilianza kutoa manukuu yanayotengenezwa na mashine, kwa Kiingereza peke yake, kazi iliyoongozwa na mhandisi Ken Harrenstien ambaye mwenyewe ni kiziwi. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotaka vipindi vilivyorushwa kwenye televisheni vikiwa na manukuu viwe nayo pia vinapowekwa mtandaoni. Mwaka 2011 chama cha kitaifa cha viziwi kiliishtaki Netflix, na katika makubaliano ya mwaka 2012 kampuni iliahidi kuweka manukuu kwenye video zake zote ifikapo mwaka 2014. Wanaharakati wanaonisoma watambue njia iliyotumika: mhandisi aliyeguswa na tatizo, sheria ya Bunge, na kesi mahakamani. Kipengele hicho kilipiganiwa, na walionufaika nacho ni wengi kuliko waliokidai, wakiwamo wanaojifunza lugha na wanaotazama bila sauti ndani ya daladala.

Sasa nije kwenye gharama. Julai 2017 Adobe walitangaza kwamba Flash ingefikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020. Taarifa ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ilizuiwa kucheza maudhui yoyote. Nchini Afrika Kusini, baadhi ya fomu za mamlaka ya mapato, SARS, zilikuwa bado zinategemea Flash, na walipakodi wakajikuta hawawezi kuzijaza. Kabla ya mwezi huo kwisha SARS ilitoa kivinjari chake yenyewe, kilichobaki na Flash kwa ajili ya fomu hizo tu. Fikiria jambo hilo, ndugu msomaji. Mamlaka ya dola yenye uwezo wa kumdai kodi kila raia ililazimika kuunda kivinjari kwa sababu kampuni ya California ilikuwa imezima swichi.

Si fomu tu zilizoathirika. Masomo, vikaragosi na michezo ya karibu miaka ishirini na mitano ilikuwa imehifadhiwa katika muundo huo. Internet Archive ilianza mwaka 2020 kuokoa sehemu ya urithi huo kwa kutumia programu huria ya Ruffle, inayoiga kazi ya Flash. Waliookoa kumbukumbu walikuwa watu wa kujitolea na maktaba isiyo ya faida.

Historia hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa sababu tuliingia katika video za mtandaoni masharti yakiwa yamekwisha kuandikwa. Mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, ukiziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini na ulimwengu kwa kasi mpya. Ni mwaka uleule ambao rasimu ya HTML5 ilishindwa kupata kodeki ya pamoja. Tangu hapo mengi ya manufaa tunayoyapata, kama vile video kukatwa vipande vya sekunde chache na kicheza video kuchagua ubora kulingana na kasi ya mtandao, yalibuniwa kwingine. Yanatufaa, kwani hulinda bando la mwanafunzi. Lakini hata kodeki mpya inayobana zaidi huhitaji simu yenye nguvu ya kuifungua, na mwenye simu ya zamani hubaki nyuma. Aliyebuni ndiye aliyeamua nani abaki nyuma.

Vyuo vyetu sasa vinarekodi mihadhara, halmashauri zinarusha vikao vya madiwani, mahakama na mabunge yanahifadhi mijadala kwa video. Hiyo ni kumbukumbu ya taifa. Afisa anayesaini mkataba wa mfumo wa video, na mwanafunzi atakayekuwa afisa kesho, anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kuvutiwa na orodha ya vipengele. Kwanza, faili la asili litahifadhiwa katika muundo gani, na je, programu ya mtu mwingine inaweza kulifungua? Pili, mwenye programu akifunga duka au akibadili masharti, tutabaki na nini mikononi? Tatu, kiziwi, mwenye uoni hafifu na mwenye simu ya bei nafuu wamezingatiwa ndani ya mkataba, au wameachiwa toleo lijalo?

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hakuna anayetutaka tuunde kicheza video chetu wenyewe, na kazi hiyo haina maana ikiwa programu huria zipo. Tunachotakiwa ni kuwa na nakala zetu, katika muundo ulio wazi, kwenye hifadhi tunayoisimamia, na kutuma wataalamu wetu katika vikao vya viwango ambako vipengele vya kesho vinabishaniwa leo. Majibu ya maswali hayo matatu yaandikwe kwenye mkataba kabla ya saini, kwa sababu SARS ilikuwa na notisi ya miaka mitatu na bado haikutosha.