Zebaki na Ubongo: Utafiti wa Vyuo Vikuu katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Masumbwe ni mji mdogo katika Wilaya ya Mbogwe, eneo lililokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Katika ukanda huo, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Takriban asilimia 80 ya kiasi kinachovutwa huingia katika damu kupitia mapafu, na sehemu yake hufika kwenye ubongo, ambako huharibu seli za neva. Dalili zake ni kutetemeka kwa mikono, kuyumba wakati wa kutembea, kukosa usingizi na kusahau. Kwa kuwa hujitokeza polepole, huweza kudhaniwa kuwa uchovu au uzee.

Ushirikiano wa watafiti kuhusu tatizo hili una historia ndefu. Mwaka 1996, J. R. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi wa Japani walichapisha matokeo ya vipimo vya zebaki katika samaki na nywele za wakazi wa maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ludwig-Maximilians cha Munich, Ujerumani, waliwapima wakazi wa Rwamagasa, Geita. Walichukua mkojo, damu na nywele, wakapima kumbukumbu na uthabiti wa mikono, na kulinganisha matokeo na ya wakazi wa Katoro. Walioathirika zaidi walikuwa wachomaji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo unataka hatua za kukomesha uchomaji wa zebaki majumbani na hadharani bila kudhibiti mvuke. Chombo kilichofungwa, kijulikanacho kama retoti, hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena, hivyo humlinda mchimbaji na kumpunguzia gharama.

Dawa zinaweza kupunguza zebaki mwilini, lakini hazirejeshi seli za neva zilizokufa. Kwa sababu hiyo, kinga kwa wachomaji, wajawazito na watoto huanzia mahali pa kuchomea.